Andika Kabla Hujala

Siku yangu ya kwanza kazini ilianzia geti la Machame, mlango wa kupandia mlima, kwenye foleni ya kupima mizigo. Nilikuwa nimevaa viatu vya kaka yangu vilivyonipwaya mpaka nikavijaza magazeti mbele. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yakawa yale ya kumkalisha mtu nyumbani akisuka mikeka ya mawazo, nikaamua bora nikabebe mizigo ya watalii. Wabebaji wa mlimani tunaitwa wagumu. Kwenye kundi letu mwanamke nilikuwa peke yangu. Mwongozaji mkuu, ambaye kila mtu alimwita Chifu, alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye yale magazeti.

"Shikamoo, Chifu."

"Marahaba. Wewe Manka, umekuja kupanda mlima au kuuza vitunguu?"

"Kupanda."

"Unajua kuandika?"

Wenzangu wakacheka. Nikamjibu kwamba kama ana barua anataka kuandikiwa alete karatasi. Hakukasirika. Aliingiza mkono kwenye koti akatoa daftari jembamba la kuchorea, lile lisilo na mistari, na penseli iliyochongwa kwa kisu.

"Hili ni lako, mimi silisomi. Jioni tukifika kambini, kabla hujala, unaandika hali yako. Kabla hujala, umenisikia? Ukishashiba utaandika uongo."

Nawaandikia ninyi wadogo zangu mnaotaka kazi ya mlima, na ninyi mnaoniuliza kila siku nimewezaje kuandika shajara miaka yote hii bila kuacha. Nitawaambia. Ila msitegemee maneno ya kubembeleza. Kazi hii ilinistaafisha nikiwa na miaka ishirini na tano, sikuomba kustaafu wala sikuagwa, na leo asubuhi kuna mtu ameondoka hapa nyumbani amevaa viatu vyangu.

Jioni ile ya kwanza, miguu ikiwa imelowa tope la msituni, niliandika: "Leo tumetembea. Nimechoka." Nikajiona nimemaliza. Chifu akapita na kikombe chake cha chai.

"Umeandika?"

"Nimeandika nimechoka."

"Wapi?"

"Wapi nini?"

"Umechoka wapi? Mguu? Mgongo? Roho?"

Ukweli ni kwamba mguu ulikuwa mzima kabisa. Nilichokuwa nimechoka ni kuchekwa. Kuna mgumu mmoja njia nzima alikuwa akiniuliza kama nimebeba na kitoto mgongoni. Nikafuta, nikaandika hilo. Ndiyo siku niliyoanza kuandika shajara. Ile sentensi ya kwanza haihesabiki. Mkitaka kuanza, anzeni na "wapi". Mtu akiandika amefurahi au amechoka bila kusema wapi, kesho yake hana la kuongeza, na wiki ijayo daftari linafunikia chungu.

Kazi yenyewe ilikuwa na taratibu zake. Kalamu ya wino haifai, huko juu wino unaganda, unatumia penseli. Penseli unaiweka ndani ya soksi, daftari unalizungushia mfuko wa nailoni na kulilaza kifuani chini ya sweta, maana begi likilowa na shajara imelowa. Siku ikipita bila kuandika, Chifu alikuwa hataki uifidie kesho yake. Alisema unaacha ukurasa mtupu, unaendelea na mwingine. "Ukurasa mtupu nao unasema kitu. Ukiujaza kesho unaupaka rangi."

Na alikuwa na sababu yake, siyo kwamba alipenda sanaa. Ukipanda sana hewa inakuwa nyepesi, na ugonjwa wa kimo ukimshika mtu, akili ndiyo ya kwanza kuzunguka. Anakuambia mimi mzima huku anavaa glovu mguuni. Watalii tunawapima kwa kile kibanio cha kidoleni kinachoonyesha hewa kwenye damu, lakini wagumu nani alikuwa anawapima siku zile? Chifu alitupima kwa daftari. Asubuhi unamshikia ukurasa wa jana jioni ukiwa juu chini, ili asiweze kusoma maneno yako, yeye anatazama mistari tu. Ndiyo maana alitaka daftari lisilochorwa mistari. Mtu mzima anaandika akinyoosha. Hewa ikimpungukia, mstari unaanza vizuri halafu unateremka kuelekea kona, na yeye mwenyewe haoni.

Mimi nilikuwa nikidhani huo ni uganga, mpaka asubuhi moja kambi ya Barafu, ile ya mwisho kabla ya kilele. Nilikuwa nimepandishwa kuwa mgumu wa kileleni, yaani yule anayefuatana na watalii usiku wa mwisho, na nilikuwa nimeisubiri nafasi hiyo kama mwali anavyosubiri harusi. Chifu akageuza daftari langu.

"Unashuka."

"Nashuka wapi? Mimi mzima, Chifu!"

"Daftari lako limelewa, Manka. Shuka."

Nilimtukana kwa Kichagga, maneno ambayo mama yangu asingeamini nayajua. Akaniongezea mpishi msaidizi wa kunisindikiza. Tulipofika bondeni nilikuwa nimetapika njia nzima, na yule mpishi aliponiuliza jina la kaka yangu, mwenye viatu, lilikuwa limeniponyoka. Tangu hapo sikubishana na mistari.

Kutoka Machame nilihamishiwa upande wa Rongai, kule mtu anakoanzia karibu na Tarakea, upande mkavu wenye baridi ya kukata masikio. Nikawa mhudumu wa hema la kulia. Kule ndiko wivu wangu wa kwanza ulipozaliwa, na niuseme kabisa, mimi ni mtu wa wivu. Kulikuwa na mama mmoja mtalii, kila jioni anakaa kwenye kiti, kwenye meza niliyoipangusa mimi, anafungua shajara yake yenye jalada la ngozi, anatazama mlima, anaandika. Ananyanyua kikombe bila kunitazama, namjazia. Mimi yangu nilikuwa naandikia gotini, nimechuchumaa nyuma ya jiko la gesi, moshi wa vitunguu machoni. Siyo ngozi iliyoniuma. Kiliniuma kile kiti. Siku ile niliandika ukurasa mzima kuhusu kiti, na ni moja ya kurasa zangu nzuri mpaka leo. Kwa hiyo msiogope kuandika wivu. Una maneno mengi kuliko furaha.

Baadaye nikarudi Machame nikiwa nasomea uongozaji. Chifu alikuwa ameshamwambia Meneja ofisini Moshi kwamba nafasi ya mwongozaji msaidizi ikitoka ni yangu. Nikaolewa kijijini Uru, kwa kijana fundi wa magari mwenye gereji yake Soweto ya Moshi, anayelala mjini wiki nzima na kuja nyumbani Jumamosi. Nyumbani nikamkuta wifi yangu, Hepi, dada mdogo wa mume wangu, amemaliza kidato cha sita na hana kazi, anashinda na simu chini ya migomba. Mimi ndiye niliyempeleka kwa Chifu. Mimi ndiye niliyemnunulia daftari la kuchorea na kumwambia andika kabla hujala. Hilo mlikumbuke, kwa sababu hapa kijijini hakuna anayelikumbuka.

Nikapata mimba. Nikajifungua Baraka. Na huku kwetu mwanamke akijifungua anawekwa uzazi. Miezi yote ya mwanzo unakaa ndani, hufagii, hukati majani ya ng'ombe, unaletewa mtori wa ndizi na nyama na maziwa, unanenepeshwa mpaka mashavu yang'ae, na mama mkwe ndiye serikali. Mama mkwe wangu ni mtu mwema, Mungu amlinde, alinilea uzazi kama binti yake wa kumzaa. Lakini siku ya pili tu alinikuta na penseli.

"Mama Baraka! Lete hapa."

"Mama, ni mistari miwili tu."

"Mzazi haandiki, wala hasomi. Macho bado mabichi. Unataka uzeeni yatiririke maji mpaka kanisani?"

Akaichukua penseli akaichomeka kwenye nywele zake, na huko ikakaa. Nikaacha kurasa tupu. Sikuzifidia. Zipo mpaka leo, nyeupe, kama Chifu alivyofundisha.

Wakati huo Hepi amechukua nafasi yangu. "Kwa muda tu, wifi," alisema, amesimama mlangoni, amevaa koti langu la mvua. Na viatu vyangu. Siyo vile vya kaka, hivi nilivinunua mwenyewe Memorial, soko la mitumba la Moshi, vya ngozi, nilivifundisha miguu yangu mpaka vikakubali. Miguu yetu inalingana, bahati mbaya. Mimi niko kitandani na bakuli la mtori, yeye anaondoka. Akirudi pua imebabuka jua, watu wanajaa sebuleni. Walikuja kumtazama mtoto, kumbe wanaishia kumsikiliza Hepi. Theluji ilikuwaje, Hepi? Mtalii alilia kweli, Hepi? Mimi nimekaa na titi nje kama picha ya ukutani. Siku alipotangaza kwamba amefika kileleni, na kwamba amepewa ile nafasi ya mwongozaji msaidizi, mama mkwe alipiga vigelegele. Nami nilipiga. Halafu niliingia chumbani, nikaomba penseli ya mtoto wa jirani, nikaandika mstari mmoja: "Viatu vyangu vimefika kileleni bila mimi."

Nilipotoka uzazi nilishuka mjini ofisini. Meneja alinikaribisha vizuri, akaagiza na soda.

"Hongera, mama. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Nimekuja kuuliza kazi."

"Sasa wewe una mtoto. Mlima hauhami, utaukuta."

"Nafasi yangu?"

"Ina mtu. Tena si mtu mbali, ni wifi yako. Imebaki humo humo kwenye familia, kwani tatizo liko wapi?"

Nilimwachia soda yake. Kwani tatizo liko wapi! Ningekuwa mwanaume, mke wangu angejifungua Jumatatu na mimi Jumanne niko getini napima mizigo.

Nikarudi Uru kwenye majani ya ng'ombe, kwenye kahawa, kwenye nepi. Na hapa ndipo nawaambia jambo la kuendeleza shajara, kwa sababu kila mtu anaweza kuandika akiwa juu ya mawingu. Kazi ni kuandika siku ambayo imefanana na jana. Nilishika ile sheria moja tu. Chakula kikiwa mezani, kabla kijiko hakijagusa, mstari mmoja. Mtoto analia, mstari mmoja. Mume amekuja amechelewa, mstari mmoja, halafu ugomvi. Sikujaribu kuandika vizuri. Niliandika wapi. "Nimechoka shingoni." "Nina hasira kwenye meno." Baraka akatambaa, akasimama, akaachishwa ziwa, na mimi nilikuwa naandika.

Jioni moja Hepi akarudi kutoka mlimani. Baraka alipomwona akamkimbilia akaniacha mimi. Hepi akambeba, akamtia kinywani chokoleti iliyobaki ya watalii.

"Usimpe sukari kabla ya chakula," nikasema.

"Ee wifi, shangazi mtu nisimpe hata utamu?"

"Utamu umechukua wa kutosha humu ndani."

Akacheka, akidhani ni utani wa mawifi. Akaniona nimenuna. "Wifi, una nini na mimi?"

"Vua viatu vyangu, ndicho nilicho nacho."

"Viatu? Si ulinipa mwenyewe?"

"Nilikupa kwa muda! Kazi kwa muda, koti kwa muda, na mtoto naye uchukue kwa muda?"

Mama mkwe akapiga mwiko kwenye sufuria kule jikoni. "Nyie! Majirani wanakula, waacheni wameze!"

Sahani yangu ilikuwa mezani, na pembeni daftari limefunguka kwenye mstari wa siku hiyo na kurasa za juzi na jana. Hepi akanyoosha mkono. Nikataka kumrukia, lakini hakusoma. Aliligeuza juu chini, kama tulivyofundishwa, akalishika mbali na uso. Akafunua nyuma ukurasa mmoja, na mwingine, na mwingine. Uso wake ukabadilika ukawa wa kazini.

"Umeandikia wapi hizi?"

"Hapa mezani. Kwani Uru kuna wapi pengine?"

"Wifi, inateremka yote."

Nikachungulia. Kweli. Kila mstari ulianza vizuri halafu ukaelekea kona, kurasa na kurasa, kama maji yanayotafuta mfereji. Na mimi nilikuwa sijaona.

"Ungekuwa mteja wangu Barafu, ningekushusha sasa hivi," akasema.

"Unishushe wapi? Stendi ya Moshi?"

Alitoa simu akampigia Chifu, akaweka sauti kubwa. "Shikamoo, Chifu. Ni Hepi. Nina mtu hapa mistari yake imelala kabisa."

"Marahaba. Yuko kambi gani?"

"Yuko nyumbani. Ni mama Baraka."

Tukasikia anapuliza chai. "Huyo kimo cha chini ndicho kinachomuumiza. Jumatatu apande na mimi badala yako. Meneja nitaongea naye mimi."

Hepi akanitazama kama mtu aliyegawa zawadi ya Krismasi. "Sawa, Chifu! Na mimi nipande na kundi lipi?"

"Wewe? Wewe unabaki na mtoto."

"Mimi?"

"Sasa atabaki na nani, na mimi?"

"Chifu, mama yupo..."

"Mama ana mgongo!" mama mkwe akajibu kutoka jikoni, kabla Chifu hajajibu. "Nimeuguza uzazi, nimelea, ng'ombe wawili wananisubiri. Shangazi mtu si unapenda utamu? Mlee!"

Jumatatu nilikuwa kwenye foleni ya mizigo pale Machame, ndani ya viatu vyangu. Vilikuwa vimejifunza mguu wa mtu mwingine, kidole kidogo kikauma mpaka msitu ulipoisha. Sijali. Nilitembea nikisikia mgongo unanyooka. Jioni kambini nikatafuta jiwe, nikakaa, nikatoa penseli. Na mnajua nilichoandika, baada ya kuisubiri siku hiyo muda wote huo? Niliandika kwamba saa hii Hepi anamlaza Baraka, anamnusa shingoni pale panaponukia maziwa, na kwamba namwonea wivu mpaka tumboni. Ndivyo nilivyo. Nikiwa chini nataka juu, nikiwa juu nataka chini.

Asubuhi Chifu akageuza daftari. "Imenyooka. Ila penseli umeikandamiza, karatasi inatoboka. Una hasira na nani?"

"Na wifi."

"Si yuko nyumbani na mwanao?"

"Ndiyo maana."

Akacheka akamwaga chai. "Twende, Manka. Mzima wewe."

Tulifika kileleni. Sitawaelezea jua linavyochomoza, wapo wengi wanaolipwa kuelezea hilo.

Niliporudi nyumbani nilimkuta Hepi amekaa juu ya mzigo wa majani ya ng'ombe mlangoni, nywele upande mmoja zimefumuka, uji umekauka begani. Baraka amelala mapajani mwake mdomo wazi. Hakunisalimia. Alivuta daftari lake kutoka chini ya makalio, akalifungua, akanishikia juu chini.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa mtupu. Wa pili mtupu. Wa tatu ulikuwa na mistari iliyoteremka moja kwa moja mpaka nje ya karatasi, wa mwisho ukamalizikia kwenye suruali yake.

Nilicheka mpaka mama mkwe akatoka jikoni na mwiko. Nilicheka nikakaa chini. Sijawahi kumpenda wifi yangu kama nilivyompenda dakika ile.

Sasa tunapokezana. Safari moja yeye, safari moja mimi. Meneja ananung'unika kwamba nafasi moja haiwezi kuwa na watu wawili. Nimemwambia imebaki humo humo kwenye familia, kwani tatizo liko wapi. Mume wangu naye ameambiwa Jumamosi zake zina kazi, na gereji haitakufa. Wadogo zangu, mkija mlimani na mkazaa, msiwaachie watu wawaambie mmestaafu. Na msipokuja mlimani, bado mnunue daftari lisilo na mistari, mpate na mtu mmoja mtakayemshikia juu chini. Awe mtu asiyewaonea haya. Wifi anafaa.

Leo asubuhi zamu ilikuwa yake. Viatu nilivipaka mafuta mimi mwenyewe jana, nikamkabidhi mlangoni, nikamwambia vikirudi na tope atavilamba. Ameshuka njia ya migombani akiimba, shetani yule. Baraka amempungia mpaka alipopotea.

Chakula kiko mezani, ndizi na maharage, kinapoa. Nimefungua daftari nikaandika: "Hepi amepanda. Nina wivu." Nikasikia Chifu anauliza wapi.

Nikaongeza: "Miguuni."

Halafu nimegeuza daftari juu chini, nimetazama, nimekula.